Nilifua Nguo za Msiba Wangu Mwenyewe

Wiki iliyopita niliwaacha pale matroni, mkuu wa manesi, ananiita kwa kidole, nami nimesimama na shuka la mgonjwa mikononi. Wengi mmenilaumu. Mmoja akatuma ujumbe gazetini: "Wewe mama, kama umekufa tuambie tujue." Poleni. Habari za kufa kwangu mtazipata leo, maana hata mimi nilizisikia kwa watu.

Kwa aliyechelewa, nisije nikamwacha mataani. Mimi ni dobi wa hospitali. Si daktari wala nesi, ni yule anayepokea mashuka yakitoka wodini. Ugonjwa ulipoingia, nikapangiwa kufulia wodi ya waliotengwa. Mwenye nyumba wetu aliposikia, akatutolea virago nje, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Kila tulikobisha hodi, neno hospitali likitajwa mlango unafungwa.

Mume wangu alikuwa dereva wa basi la shule. Shule zikafungwa, akabaki hana mbele wala nyuma. Ndipo dada yake, wifi yangu, mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha na asiye na mtoto hata wa kusingiziwa, akatupokea kwa sharti.

Sharti ni kwamba wapangaji wake wasijue ninakofanya kazi. Mume na watoto waishi naye ndani. Mimi nikae stoo ya nyuma, nisiwaguse watoto, nivae barakoa na miwani ya plastiki muda wote nikiwa uani. Mtu akiuliza, mimi ni dobi wa nyumba.

"Na wala si uongo, wifi yangu," aliniambia. "Dobi si ndiyo kazi yako?"

Nikakubali. Mnaotaka kunilaumu kwa hilo pangeni foleni, wa mbele ni mimi.

Binti yangu tunamwita Kasuku, kwa kuwa hakuna neno linaloingia sikioni mwake lisitokee mdomoni. Tulimwambia ni mchezo. Mbele za watu mama ni dobi, na mtu asiambiwe. Akaupenda. Kila akiniita dobi ananikonyeza, na kwa vile hajui kukonyeza jicho moja, anafumba yote mawili. Nilikuwa naishi kwa macho hayo. Mdogo wake, Bonge, alikuwa hajasimama nilipoingia stoo. Hatua yake ya kwanza niliiona kupitia wavu wa dirisha.

Mume wangu alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake: "Siku utakayotoka wodi ile, siku hiyo hiyo unaingia ndani, unawashika wanao, tunaanza upya." Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nivumilie yote. Sikutaka kingine duniani.

Haya, twende kwa matroni.

"Majibu yako safi," akasema. "Na kuanzia leo hufulii tena wodi ile. Unahamia mashuka ya wodi ya wazazi. Utanyoosha vitambaa vya vichanga, mikono ipumzike."

Nikawa bado nimelikumbatia lile shuka.

"Nenda nyumbani, mama. Kawashike wanao."

Matroni yule hacheki hata akikanyagwa. Siku hiyo alicheka, akageuka upande nisimwone akifuta jicho.

Nilioga kwa sabuni ya kufulia, nikaoga tena kwa ya kuogea. Ile miwani nikaitia kwenye mfuko, barakoa nikaishusha kidevuni, nikatembea asubuhi ile na uso wangu mtupu. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Watu wakanipisha zaidi ya umbali waliozoea kupisha.

Langoni nilimkuta kinyozi. Ni mpangaji wa Wifi, duka lake limefungwa kwa amri, basi ameweka kiti chake langoni na ananyoa wenye roho ngumu huku amevaa koti la mvua.

"Dada dobi," akaniita. "Kumbe una uso."

"Ninao, kaka. Nilikuwa nimeuweka akiba."

"Basi leo kuna jambo."

"Lipo. Nimekuja kuchukua wanangu."

"Una watoto? Muda wote huo hujasema. Wako wapi?"

Nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hana akili. "Humu ndani. Kasuku na Bonge."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akazima mashine. Mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akageuka kututazama.

"Dada," akasema taratibu, "hapa hakuna anayependa utani kunizidi. Lakini yatima hawataniwi."

"Yatima gani?"

"Hao watoto. Mama yao si amefariki? Aa, kweli, wewe ulikuwa umekwenda kwenu. Tulikaa msiba hapa uani. Viti mbalimbali kama tunafanya mtihani, kila mtu na barakoa yake. Baba yao alilia mpaka nikamshika, na kushikana penyewe ni marufuku. Nikaenda kunawa."

Nikashika lango.

"Amekufa na nini?"

"Presha. Ghafla. Alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake."

"Alikuwa mtu wa namna gani, huyo marehemu?" Sijui kwa nini niliuliza. Pengine kila mtu angependa kujua.

"Mimi sikumjua, alikufa hajafika hapa. Lakini mama mwenye nyumba alimsifu sana. Alisema wifi yake alikuwa mpole, hajawahi kumjibu vibaya hata siku moja."

Hapo nikajua kwamba Wifi alidanganya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mnakumbuka nilivyowasimulia kwamba kuna kipindi hospitali ilitufungia bwenini, haturuhusiwi kutoka? Na niliporudi nikakuta mlima wa nguo mlangoni mwa stoo? Wifi aliniambia kulikuwa na wageni. Mashuka meupe aliyofunikia viti. Vitambaa vya meza. Taulo za kunawia. Shati jeusi la mume wangu.

Nilivifua vyote. Nililitoa doa la chai kwenye shuka kwa limau na chumvi, nikajisifu mwenyewe kwa jinsi lilivyotakata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, lakini sikuona kitu. Nimefua nguo za msiba wangu mwenyewe, nikazipiga na pasi.

Nikaingia uani.

Wifi alikuwa barazani, Bonge kambeba nyongani, mkono wa pili kashika mpini wa fagio. Mpini huo ndio kipimo chake cha umbali. Akikunyooshea, ukigusa tumbo lako, umekaribia mno.

"Simama hapo hapo," akasema. "Mbona umevua miwani?"

"Nimeruhusiwa. Nimepimwa, niko salama, na wodi ile nimetoka."

"Hongera, wifi yangu. Bado simama hapo hapo."

"Wifi, mimi nimekufa lini?"

Hakushtuka. Alimweka Bonge vizuri nyongani kama mtu anayepanga mzigo wa safari.

"Punguza sauti. Nimekuua nilipolazimika. Yule mama wa chumba cha mwisho alikuwa ameanza maswali. Mama wa watoto hawa yuko wapi, anafanya kazi gani, mbona haji. Kila jibu lilikuwa na hospitali ndani yake. Marehemu haulizwi kazi. Na marehemu haambukizi mtu."

"Ungesema tumeachana."

"Aliyeachwa hurudi kuchukua watoto."

Aliyasema hayo bila hasira, nami nikaelewa kwamba hakuniua kwa sababu ya wapangaji. Wapangaji walikuwa kisingizio tu, kisingizio kizuri.

"Nipe mwanangu."

"Huyu?" Akamtazama. "Huyu amejifunza kutembea kashika kidole changu hiki. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale dirishani namtazama. Wewe ndiye uliyeniweka."

"Basi. Anayetazama si sawa na anayeshika."

Bonge akageuza kichwa, akanitazama usoni, uso ambao hajawahi kuuona tangu apate akili ya kuona. Akamvuta Wifi sikio. "Mama," akamwambia, "nani?"

Niliumia. Sina neno la kulipamba jambo hilo. Niliumia mpaka nikahisi meno yananiuma.

"Ni dobi, mwanangu," Wifi akamjibu.

Mume wangu akatokea mlangoni anafunga vifungo vya shati, na vifungo vimekosea matundu. Aliponiona bila miwani alijua. Akaniashiria nimfuate nyuma ya jiko. Huko akasimama mbali nami, mgongo ukutani. Nilitoka hospitali na majibu safi, lakini yeye ndiye aliyekuwa na sura ya mgonjwa.

"Nilitaka kukwambia," akaanza.

"Ulitaka kumwambia marehemu?"

"Dada alinibana. Nikafikiri ni jambo la muda. Shule zikifunguliwa narudi kwenye basi, tunapanga kwingine, wewe unafufuka."

"Nafufuka."

"Namaanisha..."

"Nimekuelewa. Kinyozi anasema ulilia mpaka ukashikwa. Hilo nalo dada alikubana?"

Akainamisha kichwa. "Nililia kweli. Nilikaa pale, watu wananipa pole, nikakuwaza ulivyo kule na mashuka ya watu wanaokata roho, nikaona kama ni kweli. Nilikulilia, mke wangu. Kwa haki ya Mungu nilikulilia."

Niwaambie ukweli wangu. Kwa muda mfupi nilifurahi kwamba alinililia. Mtu mwenye kiu haulizi kikombe kimeoshwa na nani. Kisha nikakumbuka shati.

"Nilikuta kamasi kwenye mkono wa shati lako jeusi," nikamwambia. "Nikasema masikini mume wangu ana mafua, Mungu amwepushie. Nikalisugua mara mbili."

Akavifungua vile vifungo vilivyokosea, akavifunga upya.

"Na Kasuku? Anajua ni uongo?"

Akaanza kukwangua ukuta kwa ukucha.

"Baba Kasuku, mtoto anajua mimi niko hai?"

"Unaujua mdomo wake. Mchezo wa siri alikuwa anakaribia kuutoboa kila siku. Dada akasema, mtoto akijua ni uongo atatuanika wote. Kwa hiyo ilibidi aamini."

"Ilibidi aamini."

"Tulipomwambia hakulia sana. Alikaa kimya. Siku nzima hakusema kitu."

Kasuku kukaa kimya siku nzima. Mtoto ambaye hata usingizini anaongea.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo jingine, na lilinikata maini kuliko yote. Tangu nitoke bwenini, Kasuku alikuwa ameacha kunifumbia macho. Aliniita dobi mkavu kabisa. "Dobi, soksi zangu." "Dobi, shangazi anakuita." Mimi nikawa naona fahari. Nikasema mwanangu ameiva, ana akili, sasa hata kukonyeza hahitaji. Siku moja nilimnong'oneza kupitia wavu, "Unacheza vizuri sana." Alinitazama tu, akaondoka. Nilikuwa nampongeza mtoto kwa kufiwa.

Akatokea muda huo huo. Kashika soksi za Bonge, meno mawili ya mbele yametoka, sijui yalitoka lini.

"Dobi, hizi hazijatakata."

Nikapiga magoti. Nikaivua barakoa yote, nikaitia mfukoni.

"Kasuku, nitazame vizuri. Mimi nani?"

"Dobi."

"Mchezo umekwisha, mwanangu. Sasa niambie, mimi nani?"

Akanikagua. Kwa haki kabisa, kama anavyokagua soksi.

"Mchezo nilikuwa nacheza na mama," akasema. "Mama alikuwa dobi wa kwanza. Akafa. Wewe ni dobi wa pili. Shangazi alisema miwani ni ile ile lakini mtu mwingine."

Mume wangu akafunika uso kwa viganja.

"Hakuna dobi wa pili. Ni mimi. Ni mama."

"Unafanana naye," akasema kwa upole, kama anamfariji mgeni. "Lakini mama alikuwa na nywele."

"Tulinyolewa kazini. Zitaota."

"Na mashavu."

"Nitakula, yatarudi. Niulize kitu, Kasuku. Niulize kitu ambacho mama peke yake anakijua."

Akafikiri, kichwa kakilaza upande. "Sina," akasema. "Mama alikuwa ananishika. Wewe hujawahi kunishika."

Basi nikanyoosha mikono. Akarudi nyuma haraka, kama alivyofundishwa. Mtoto wa watu ana adabu, anajua sheria.

"Umbali," akasema.

Ningemwacha pale pengine mambo yangekuwa mengine. Ningekaa chini, nikaongea naye kidogo kidogo mpaka ajilete mwenyewe. Lakini mikono yangu ilikuwa na njaa ya muda mrefu, haikuniuliza. Nikamdaka mkono, nikamvuta kifuani.

Akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwake, wala siku alipoungua. Aliniuma begani. Akachomoka akakimbilia katikati ya uwanja, na Kasuku ni Kasuku.

"Dobi amenishika. Dobi amevua barakoa akanishika. Dobi anasema yeye ndiye mama."

Milango yote ikafunguka. Wapangaji wakatoka na vitambaa puani. Yule mama wa chumba cha mwisho akamvuta mwanawe ndani, kisha yeye akarudi na chupa ya dawa ya mikono, akawa anainyunyiza hewani kuelekea kwangu kama anafukuza nzi. Kinyozi akaja na mashine yake mkononi, mteja nyuma yake na nusu kichwa.

Kasuku alikuwa ameng'ang'ania mguu wa baba yake.

Kinyozi akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilimwona anakumbuka maneno yangu ya langoni. Si mtu mjinga, mnyoa vichwa huyo.

"Baba Kasuku," akasema, "tusizungushane. Huyu mwanamke ni nani?"



Wifi akasogea karibu na kaka yake, sauti chini, lakini mimi nilikuwa jirani na nilisikia kila neno. "Sema utakalo. Ila ukisema ni mkeo, watauliza alikuwa wapi na anafanya kazi gani, na kabla ya mchana hawa watu watakuwa wamejua walikuwa wanaanika nguo kamba moja na mtu wa wodi ile. Sitaweza kuwazuia. Mtatoka leo, na watoto. Hilo basi lenu la kulala bado lipo?"

Habari za basi hilo niliwasimulia. Usiku ule tulipolala ndani ya basi la shule mpaka mlinzi akatutimua, na Bonge akaharisha hadi macho yakaingia ndani.

Mume wangu alinitazama. Nilimtazama. Niliona kabisa anataka. Mdomo ulifunguka, neno likaja mpaka kwenye ulimi, nikaliona.

"Ni dobi," akasema. "Dada, mpe chake aende zake."

Kitambulisho changu cha hospitali kilikuwa mfukoni, kina picha yangu na nywele zangu. Ningekitoa, ungekuwa mwisho wa Wifi na uongo wake. Ungekuwa pia mwisho wa paa juu ya vichwa vya wanangu. Mkono ulikuwa umeshakigusa.

Kinyozi hakutosheka. "Dada, na wewe unasemaje?"

Nikamtazama Bonge amelala begani kwa Wifi, mate yanamchuruzika. Nikamtazama Kasuku. Alikuwa ananisubiri na yeye. Macho yamemtoka, mdomo wazi, anataka kujua.

Nikatoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

"Mimi ni dobi," nikasema. "Nilikuwa na binti wa umri huu. Alifariki. Leo nilimwona huyu, kichwa kikanizunguka. Mnisamehe, na baba mtoto anisamehe."

Nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu, yuko hai mbele yangu, anasikiliza. Wifi alinitazama, na nina hakika kwa mara ya kwanza aliniheshimu.

Uwanja ukalegea. Mtu akasema pole. Mwingine akasema mtihani huo. Hata mama wa chumba cha mwisho akaishusha chupa. Kasuku akavuta pumzi, akauachia mguu wa baba yake, na akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyesikia jambo linaloeleweka.

"Alikuwa anaitwa nani?" akaniuliza kwa mbali. "Huyo binti yako."

Nikaitoa barakoa mfukoni, nikaivaa.

"Haya, msiba tumeusikia," Wifi akasema. "Ufungashe, uende kwenu ukapumzike. Nyumba yenye watoto haiwezi kukaa na mtu wa hali hiyo."

Kila mtu aliona Wifi ana haki. Hapo ndipo nilipogundua nilichojifanyia. Nilikuwa nimejinyima mpaka stoo. Nimewapa sababu nzuri ya kunifukuza, na nimewapa mwenyewe, kwa machozi.

Nikaangaza huku na huku nipate pa kushika. Nikaiona kamba ya nguo.

"Sawa, mama mwenye nyumba," nikasema. "Ila nguo za watoto ziko kambani, nilizifua jana jioni, bado mbichi. Zikikauka nitazikunja, nitaondoka."

Wifi akafungua mdomo kukataa. Kinyozi akamwahi.

"Mwache amalize kazi yake, mama. Binadamu huyo."

Wapangaji wote wakamtazama Wifi, na Wifi anapenda kuonekana ana huruma. "Zikikauka tu," akasema. "Zikikauka, lango liko pale."

Wakatawanyika. Mashine ya kinyozi ikaanza kulia tena langoni. Mume wangu akaketi kwenye ngazi ya baraza, kichwa katikati ya magoti, na Kasuku akakaa pembeni yake.

Nikaenda kwenye kamba. Jua lilikuwa kali, la kukausha mfupa. Nikaishika fulana ya Bonge, kavu. Gauni la Kasuku, kavu, limekakamaa kabisa. Soksi, suruali, nepi, vyote vikavu tangu asubuhi.

Nikatazama nyuma. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nikavuta ndoo kwa mguu mpaka chini ya kamba, nikaianua fulana, nikaizamisha majini, nikaikamua kidogo tu, nikairudisha. Nikachukua gauni. Nikafanya hivyo hivyo. Nguo mbichi haifukuzwi, nikajiambia. Leo nitalowesha, kesho nitalowesha, mpaka nipate akili nyingine.

Nilikuwa nimefika kwenye soksi niliposikia sauti ya mwanangu kutoka barazani, ile sauti isiyojua kunyamaza.

"Baba," akasema, "zile nguo zilikuwa zimekauka. Dobi anazilowesha tena."